Kuwalinda Mbega na Tumbili wa Entebbe dhidi ya Magari na Ujenzi: Mwongozo Kamili

Anayetaka kujua kwa nini mbega amegongwa na gari mjini Entebbe asianze na dereva. Aanze na mti uliokatwa miezi kadhaa kabla ya ajali. Mbega ni mnyama wa juu. Hula majani, hulala kwenye matawi na huzaa huko huko, na matawi ya upande mmoja wa barabara yakikaribiana na ya upande wa pili hana sababu ya kukanyaga lami. Mti mmoja ukiangushwa ili kupisha ukuta, geti au nyumba ya ghorofa, kundi zima hubaki na njia moja tu ya kufikia malisho yake, nayo ni chini, katikati ya taksi, bodaboda na malori ya mchanga. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulikia ujenzi na ajali za barabarani kama jambo moja, na unawalenga wakazi, wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji), wenye viwanja na makandarasi wanaofanya kazi kati ya Kajjansi na rasi ya Entebbe.

Wajue wanyama wenyewe kwanza

Entebbe imebaki na nyani wadogo wa aina kadhaa kwa sababu imebaki na miti. Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, viwanja vya zamani vya Nsamizi na Manyago, vichaka vya ufukweni mwa ziwa Victoria, na msitu wa Zika ulio kando ya barabara ya Kampala, upande wa Kisubi, vimekuwa kama vituo vya mapumziko kwa wanyama ambao makazi yao ya asili yamekatwakatwa. Aina tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi, na kosa kubwa la watu wenye nia njema ni kuzishughulikia zote kwa namna moja.

Mbega, ambaye kwa Kiganda huitwa engeye, ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na kwenye ncha ya mkia. Hana kidole gumba, chakula chake kikubwa ni majani, na kundi lake mara nyingi huwa dogo, lisilozidi wanyama kumi na watano, likiishi katika eneo finyu kwa miaka mingi. Ufinyu huo wa eneo una faida kwako, kwa kuwa kundi moja linaweza kuchunguzwa na mtu mmoja. Lakini pia ni hatari, kwani kundi lililozoea miti kumi na mitano halihami kwa urahisi hata miti hiyo ikipungua kuwa mitano.

Tumbili ni tofauti kabisa. Huyu hushuka chini mchana kutwa, hula matunda, wadudu, mihogo, ndizi na mabaki ya chakula cha binadamu, na makundi yake huweza kufika wanyama thelathini au zaidi. Tumbili hasukumwi barabarani na upungufu wa matawi peke yake. Huvutwa na takataka, na huvutwa na mkono wa abiria anayemrushia ndizi dirishani. Aina ya tatu ni kima mwenye mkia mwekundu, mwenye doa jeupe puani, ambaye hupenda msitu mzito na hushuka chini mara chache. Kwa upande wa hatua za kuchukua, kima huyu hufanana na mbega kuliko tumbili.

Kwa kifupi, kwa mbega na kima kazi kubwa ni kuunganisha miti, na kwa tumbili kazi kubwa ni kusafisha kando ya barabara na kupunguza mwendo wa magari. Ukijenga daraja la kamba mahali ambapo tatizo ni jalala, utatumia fedha bure.

Hatua ya kwanza: chora njia zao

Wanyama hawa hutembea mchana, na hapo ndipo kazi yetu inapokuwa rahisi kuliko ya Waingereza wanaowalinda melesi, mnyama wa usiku anayechimba mashimo hata ndani ya bustani za mijini. Saa zenye mienendo mingi ni kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni hadi karibu saa 12 na nusu, wanaporudi kwenye miti ya kulala. Saa hizo hizo ndizo za watu kuelekea kazini, shuleni na uwanja wa ndege, kwa hiyo si ajabu kwamba njia mbili zinagongana.

Anza na sauti. Dume la mbega hunguruma kabla ya mapambazuko, na mngurumo huo husikika mbali. Amka alfajiri, sikiliza unatoka wapi, kisha kukikucha nenda ukautafute mti. Weka alama ya mti huo kwenye ramani ya simu yako. Ukirudia zoezi hili katika asubuhi kadhaa za msimu wa mvua na kadhaa za kiangazi, utajua miti ya kulala ni ipi, na hiyo ndiyo miti ambayo baadaye utaipigania kuliko mingine yote.

Baada ya hapo fuata kundi kwa macho hadi linapovuka barabara. Andika katika daftari tarehe, saa, aina ya mnyama, idadi, kama wamevuka kwa matawi, kwa waya wa umeme au kwa miguu, na kitu kinachotambulisha mahali: namba ya nguzo, geti, kona, duka. Tenga ukurasa wa vifo: mnyama aliyegongwa, aliyepigwa na umeme, aliyeumwa na mbwa. Piga picha ya mzoga pamoja na barabara ili mahali paonekane. Usichanganye ulichokiona mwenyewe na ulichosimuliwa. Vyote vina thamani, lakini ofisini utaulizwa swali hilo mapema sana, na jibu la kusitasita huharibu daftari zima.

Waulize pia watu wanaokaa mahali pamoja siku nzima. Waendesha bodaboda wa kwenye stendi, mama wauza matunda, walinzi wa mageti na watunza bustani huona mengi ambayo mtembea kwa miguu hayaoni. Mlinzi wa usiku atakuambia hata mti ambao kundi lilihamia baada ya jirani kuanza kujenga. Mwanzoni zungumza kwa heshima na usije na lawama, maana wengi wana malalamiko ya haki: tumbili amewaibia mayai, amevunja vigae, amemla kifaranga. Mtu aliyesikilizwa malalamiko yake hukuonyesha njia za wanyama bila kuombwa mara mbili.

Hatua ya pili: ingia kabla ya tingatinga

Sheria za Uganda zinakupa milango mitatu, na kila mmoja una wakati wake. Ukichelewa mlango mmoja, usikae kulalamika. Nenda kwenye unaofuata.

Mlango wa kwanza ni mipango miji. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010, mtu haruhusiwi kuendeleza kiwanja bila idhini ya kamati ya mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inadai kibali cha kujenga. Kwa Entebbe, maombi haya hupitia Baraza la Manispaa. Jenga mazoea ya kupita ofisini kwa mpangaji miji na ofisa wa mazingira kabla hujawa na tatizo, ukiwa na nakala ya ramani yako. Ofisa aliye na ramani ya miti ya kulala mezani anaweza kuweka sharti katika kibali: mti huu ubaki, ukuta urudi nyuma mita tatu, safu hii isikatwe. Sharti likishaandikwa kwenye kibali, ni la mwenye kiwanja kulitimiza, wala si la jirani kuomba.

Mlango wa pili ni tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini hiyo na kupitiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Hoteli kubwa, upanuzi wa barabara, mtaa mpya wa nyumba na viwanda huangukia hapa. Wataalamu wanaoandika ripoti hupaswa kuwahoji wakazi, na wakifika kwako wape takwimu, wala usiishie kusema kwamba wanyama wanapendeza. Ripoti inayosema eneo la mradi halina wanyama wa maana, ilhali daftari lako linaonyesha kundi la mbega kumi na wawili likilala ndani ya uzio, inaweza kupingwa kwa maandishi. Kama ofisi ya umma inashikilia nyaraka hizo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuziomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Mlango wa tatu ni ufukwe. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kando ya ziwa Victoria. Kwa rasi kama Entebbe, ambayo maji yanaizunguka karibu pande zote, ukanda huo peke yake ungeweza kuwa barabara kuu ya wanyama kutoka ghuba moja hadi nyingine, kama ungeheshimiwa. Haufuatwi ipasavyo, na kila mtu anaona majengo yalivyosogea majini. Hata hivyo ukanda huo ndio hoja yenye nguvu kuliko zote ulizo nazo, kwa kuwa hauhitaji kuthibitisha kuwapo kwa mnyama. Unahitaji kupima tu.

Kuhusu wanyama wenyewe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inawaweka chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ndiyo yenye kazi hiyo. Kuua, kukamata au kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Lakini msomaji asidhani kwamba ulinzi wa mnyama ni sawa na ulinzi wa makazi yake. Nchini Uingereza sheria ya melesi ya mwaka 1992 inalinda hata shimo analoishi, na mjenzi anayetaka kulifunga lazima apate leseni, kisha aweke vijilango vinavyomruhusu mnyama kutoka bila kurudi, na avichunge kwa siku 21 mfululizo kabla ya kuchimba. Mti wa kulala wa mbega ulio ndani ya kiwanja chenye hati hauna utaratibu wa namna hiyo kwetu. Kwa hiyo nguvu zako ziwe kwenye masharti ya kibali na kwenye makubaliano na mwenye ardhi.

Unapoandika barua, iwe fupi na yenye mahali na tarehe. Mfano wa maneno yanayotosha:

*Kwa Karani wa Manispaa. Sisi wakazi wa kijiji hiki tunaomba kwamba kibali chochote cha ujenzi katika kiwanja kilichoonyeshwa kwenye ramani iliyoambatishwa kiwe na sharti la kuhifadhi miti minne iliyotiwa alama nyekundu. Miti hiyo hutumiwa na kundi la mbega kulala na kuvuka barabara. Tumeambatisha orodha ya tarehe tulizowaona, picha, na sahihi ya mwenyekiti wa LC1. Tuko tayari kuja kuonyesha mahali penyewe siku ofisi itakayochagua.*

Nakala ipeleke UWA na NEMA, na nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri barua hiyo haijawahi kuandikwa.

Kuna washirika wengine ambao mara nyingi husahaulika. Kwa watu wa Buganda mbega ni muziro, yaani mnyama wa mwiko, wa ukoo wa Ngeye, unaoongozwa na Kasujja, na tumbili na jamaa zake wanahusiana na ukoo wa Nkima, unaoongozwa na Mugema. Mtu wa ukoo huo hali wala haui muziro wake. Nimeona mwenye kiwanja aliyekataa kumsikiliza ofisa akabadili msimamo baada ya mzee wa ukoo kumtembelea na kuzungumza naye taratibu chini ya mti wenyewe. Usimtumie mzee kama tisho. Mweleze jambo, umwombe ushauri, yeye atajua la kusema.

Hatua ya tatu: makubaliano na mjenzi

Ikiwa ujenzi hauwezi kuzuilika, na mara nyingi hauwezi, jinsi ya kukata miti huamua wangapi watakufa. Zungumza na msimamizi wa eneo la kazi, si mwenye fedha peke yake, maana msimamizi ndiye anayempa amri mwenye msumeno wa injini. Wafanyakazi wa ujenzi hapa hutoka sehemu nyingi, na maelezo ya Kiswahili kwenye kibao cha getini huwafikia wengi kuliko ripoti ya kurasa mia moja.

Masharti ya kuomba ni haya:

1. Miti ikatwe kuanzia upande wa barabara kuelekea upande wa kichaka au ufukwe unaobaki. Ukianza upande wa kichaka, unawasukuma wanyama barabarani. Jambo hili halimgharimu mjenzi shilingi yoyote, na bado ndilo linalopuuzwa zaidi.

2. Ukataji uanze baada ya saa 4 asubuhi, kundi likiwa limeshatoka kwenye mti wa kulala, na usimame kabla ya saa 10 jioni.

3. Kazi igawanywe kwa siku kadhaa. Siku ya kwanza vipunguzwe vichaka vya chini na miti midogo, ili wanyama waone kwamba mahali pamebadilika na waanze kuhama wenyewe.

4. Kabla ya kila mti mkubwa, mtu mmoja azunguke akitazama juu. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe kabisa na hubadilika rangi baada ya miezi mitatu au minne hivi. Ukiona kitoto cheupe kimeshikilia kifua cha mama, omba mti huo na jirani zake usubiri. Kitoto hicho hakiwezi kuruka, na mama mwenye mzigo huanguka kwa urahisi.

5. Ibaki safu ya miti angalau upande mmoja wa kiwanja, inayoungana na miti ya jirani. Safu moja yenye matawi yanayogusana ina faida kuliko miti kumi iliyotawanyika.

Kuhusu kuta, chupa zilizovunjwa pamoja na waya wa wembe huwakata wanyama viganja na mikia. Mwenye nyumba anayehofia wezi, na ana haki ya kuhofia, anaweza kuacha mahali pamoja ambapo tawi linapita juu ya ukuta, au kuweka boriti ya mbao kutoka mti hadi mti juu ya uzio wa umeme. Wanyama wakipajua hapo hawahangaiki na kwingine.

Miti ya kufidia ipandwe kabla ya ile ya zamani kukatwa. Mutuba, mti ule wa kutengenezea nguo ya magome, ni chaguo langu la kwanza: hushika kutokana na kigingi kinene kirefu kuliko mtu, kwa hiyo unaanza na mti wenye kimo tayari, na matunda na majani yake huliwa. Musizi hukua haraka na kwenda juu. Mfenesi na mwembe vinafaa penye nafasi, ingawa huwavuta tumbili, na mfenesi usiupande karibu na lami, kwani fenesi likidondoka barabarani ni mwaliko wa ajali. Kalitunsi, yaani mkaratusi, haisaidii kitu hapa, ingawa ndiyo inayouzwa kwenye kila kitalu.

Hatua ya nne: daraja la juu

Pale ambapo matawi hayawezi tena kukutana, njia inaweza kurudishwa kwa daraja la kamba. Mfano ulio karibu nasi ni Diani, pwani ya Kenya, ambako shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja mengi juu ya barabara ya ufukweni kwa ajili ya mbega wa huko. Mbega, kima na tumbili wote wameonekana wakiyapita. Umbo lake ni la ngazi iliyolazwa: nyaya mbili za chuma zinazokwenda sambamba, na kati yake vipande vya bomba la plastiki au mpira mgumu vinavyokuwa kama vipandio.

Mahali pa daraja huamuliwa na daftari lako, hapaamuliwi na urahisi wa kupata nguzo. Chagua pale ambapo wanyama wanavuka tayari. Daraja lililowekwa mita hamsini pembeni linaweza kukaa muda mrefu bila kupitwa. Kila ncha iishie ndani ya matawi mazito yenye majani, isiishie kwenye shina tupu, maana mnyama hapendi kutua mahali pa wazi. Kimo cha kutoka lami hadi sehemu ya chini kabisa ya daraja kisipungue mita 6, ili lori lililobeba shehena ndefu lisiliguse hata nyaya zikilegea. Weka kikazio kwenye ncha moja ili kukaza nyaya bila kulishusha daraja zima. Waya usizungushwe moja kwa moja kwenye gome. Tumia mkanda mpana au vipande vya mbao, la sivyo mti utakabwa na kufa, na daraja kuanguka nao.

Kabla ya kutundika chochote juu ya barabara ya umma, pata ruhusa ya maandishi ya manispaa kwa barabara zake, au ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kwa barabara kuu. Kazi yenyewe ifanywe na fundi anayejua kupanda nguzo, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache, askari wa trafiki akiwa ameombwa kusimamia. Wasiopewa taarifa mapema hukataa, na wana haki.

Nyaya za umeme ni mada inayohitaji subira. Mbega mwenye mkia mrefu akigusa nyaya mbili zisizofunikwa kwa wakati mmoja hufa papo hapo, na mtaa hukosa umeme. Hoja hiyo ya pili ndiyo inayofungua milango. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL, kwa hiyo maombi ya kubadilisha nyaya tupu kwa zilizofunikwa, au kupunguza matawi yanayogusa laini, yapelekwe huko. Taja namba ya nguzo. Matawi ya karibu na laini yasikatwe na mkazi mwenyewe kwa hali yoyote ile.

Hatua ya tano: mwendo wa magari na takataka

Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari, hutumia karibu mita 35 hadi kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 kwa saa anahitaji karibu mita 70. Tumbili akitokea kichakani yuko mita 40 mbele, dereva wa kwanza atasimama na wa pili hatasimama, hata awe mpole kiasi gani. Kwa sababu hiyo tuta moja lililowekwa mahali sahihi lina maana kuliko vibao kumi. Vibao viwe viwili tu kwa kila sehemu ya kuvuka, na viwekwe pale daftari linapoonyesha. Vikitapakaa mji mzima, macho huvizoea.

Kwa madereva, ujumbe uwe mmoja: akivuka mmoja, subiri wengine. Tumbili huvuka kwa kufuatana, na anayegongwa mara nyingi ni yule wa katikati au wa mwisho, mama na mtoto au kijana aliyechelewa. Waendesha bodaboda hulielewa jambo hili mara moja, kwa kuwa kwao kumgonga tumbili ni kuanguka. Zungumza na mwenyekiti wa stendi, naye atawafikishia wenzake.

Takataka zinahitaji nidhamu ya mtaa. Mapipa yawe na vifuniko vizito, magunia ya uchafu yatolewe nje asubuhi gari la taka linapokaribia na si jioni iliyotangulia, na wauza matunda wa kando ya barabara waombwe kuweka maganda upande wa ndani, mbali na lami. Kulisha wanyama kukomeshwe kabisa, hata kwa wageni wanaotaka picha. Tumbili aliyezoea kupewa chakula na gari hukimbilia gari.

Barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina shida ya aina nyingine. Pale wanaohitaji msaada zaidi ni wanyama wa ardhini na wa usiku kama nguchiro, fungo, nungunungu, na pengine nyegere, ndugu wa mbali wa melesi, ingawa huyu hakai mjini. Waingereza huwapitisha melesi chini ya barabara kwa bomba lenye upana wa milimita 600, na uzio wa pembeni unaomwongoza mnyama hadi mlangoni. Makalavati yetu ya maji ya mvua mengi yana upana huo au zaidi. Kinachokosekana ni njia kavu: bao la zege au safu ya mawe upande mmoja wa kalavati, juu ya kimo cha maji ya kawaida, na mdomo usiozibwa na plastiki. Kusafisha kalavati kabla ya mvua za Machi na za Septemba huzuia mafuriko na hufungua njia hiyo kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata wasiojali wanyama watashika majembe.

Mnyama akigongwa

Kwanza jilinde wewe. Simamisha gari pembeni, washa taa za tahadhari, na umweke mtu wa kuashiria. Usimshike mnyama kwa mikono mitupu, awe hai au mfu. Nyani na binadamu huambukizana magonjwa, na meno ya tumbili dume ni marefu. Aliye hai afunikwe blanketi au koti zito, awekwe ndani ya boksi lenye matundu mahali penye giza na utulivu, asipewe maziwa wala ndizi. Piga simu UWA, au kituo cha wanyama cha Entebbe ambacho watu wengi hukiita zoo. Kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, na kina madaktari wa mifugo. Hifadhi namba zao kwenye simu kabla ya siku ya ajali.

Kundi likiwa bado limezunguka, wape nafasi kabla ya kuondoa mzoga, kisha uondoe kabisa barabarani, kwani wengine hurudi kuutazama na kugongwa. Mchunguze jike aliyekufa: mtoto huweza kuwa bado ameng'ang'ania tumboni. Mtoto huyo asipelekwe nyumbani. Kumfuga bila kibali ni kosa, na akikua akawa dume mwenye meno hatakuwa tena kitu cha kuchezea watoto. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kulitunza lililokwisha kufanywa

Daraja likaguliwe mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na mwezi Desemba, baada ya mvua. Tazama kutu, vipandio vilivyochomoka, na matawi yaliyokua mbali na ncha za daraja. Mara nyingi ukarabati wote unaohitajika ni kukaza waya na kuliongezea kipande. Endelea kuandika anayepita juu na anayepita chini. Ikiwa msimu mzima wa mvua umepita na wanyama bado wanashuka lamini hatua chache kutoka darajani, usingoje wazoee: angalia kama ncha imeishia mahali pa wazi, kama mbwa wa jirani hufungiwa chini yake, au kama mti wa kulala umehamia upande mwingine. Kisha lihamishe. Mti wa kufidia uliokauka upandwe tena mvua zinazofuata, na nakala mpya ya ramani ipelekwe manispaa kila mwaka, kwa sababu ofisa uliyemzoea huhamishwa, na anayekuja hukuta kabati tupu.